Namba Ilikosewa Kisarawe

Kibaha, Maili Moja
Jumapili, alasiri

Mwanangu Salome,

Umetoka hapa baada ya ibada kwenda Maneromango kumuaga bibi, na kwa ninavyomjua mama yangu, hatakuachia mpaka ule mara mbili na kufungiwa mihogo ya njiani. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Baba yako yuko shambani Janga. Nimekaa kwenye meza ya chakula, begi lako jekundu liko mbele yangu, limevimba mpaka zipu inalalamika. Nilitaka kulipunguza nikaona nitagombana na wewe siku ya mwisho, nikaliacha.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kufunga mlango, wala za wanaume. Hayo nimekuimbia tangu kidato cha kwanza, na wewe kwa ile adabu yako ya nusu ulishaniambia, "Mama, nimekariri." Nimekaa kuandika jambo moja tu ambalo nimekuficha kwa miaka sita. Nalisema mapema ili nisije nikazunguka zunguka halafu nikaghairi.

Ile hitilafu ya mtandao wa Kisarawe, ambayo ofisi nzima ilinipigia makofi kwa kuitatua, niliisababisha mimi. Shabani Pazi alipoteza kazi kwa kosa langu. Na kesho asubuhi unapanda basi kwenda Singida kuanza kazi chini ya Shabani huyo huyo.

Unakumbuka siku ile barua yako ya ajira ilipofika? Uliisoma kwa sauti ukizunguka sebule, ukafika kwenye sahihi ya mkuu wa kitengo, ukasimama. "Mama, Shabani Pazi! Si ndiye yule Mjomba Pazi aliyeharibu mtandao wa Kisarawe? Ndiye atakuwa bosi wangu? Makubwa!" Ukacheka. Baba yako naye akacheka. Mimi nikasema chakula kinapoa. Tangu siku ile kila nikikuona unapanga nguo zako najisikia vibaya, maana najua unakwenda kumwamkia mtu kwa heshima mdomoni huku moyoni umemdharau, na dharau hiyo nimekufundisha mimi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Wewe kazi unaijua kuliko mimi sasa, lakini nivumilie, nitaisimulia kama nilivyomsimulia bibi yako aliponiuliza ninafanya nini huko ofisini mwaka nenda mwaka rudi.

Nilimwambia ninatunza walinzi wa geti. Vitabu vinaita ukuta wa moto, sisi mafundi tunasema fayawoli. Kila kituo cha taasisi yetu kina ya kwake: Kibaha makao makuu, Kisarawe mjini, Janga, Maneromango. Kazi yake ya kwanza ni kuangalia nani anaingia na nani anatoka. Lakini walinzi hawa wanajua na njia pia. Ukitaka kwenda Maneromango kutoka Kibaha, wao ndio wanaojua upite wapi, na njia ikikatika wanaambizana wapite pengine. Ili waambizane ni lazima wawe majirani, na ujirani wao ni wa salamu. Kila baada ya sekunde kumi mmoja anamsalimu mwenzake. Zikipita sekunde arobaini bila salamu, jirani anahesabiwa amekufa.

Bibi yako akasema, "Hata huku ndivyo. Mtu akipita bila kukuamkia leo, unasema ana haraka. Kesho tena, unajua mna ugomvi."

Nikamwambia pia kwamba kila mmoja anapewa namba ya kumtambulisha, namba nne zenye nukta katikati, na hiyo ndiyo jina lake mbele ya wenzake. Unaweza kuweka namba yoyote uipendayo, sharti ni moja tu: isifanane na ya mwingine.

Tulipofunga fayawoli ya kwanza hapa Kibaha wewe ulikuwa darasa la tano. Ulikuwa ukitoka shule unakuja ofisini, unakaa chini ya meza yangu na madaftari yako, unakula karanga na kuniachia maganda kwenye viatu. Nilikuwa nimeingia taasisi ile kama karani wa mapokezi. Kompyuta nilijifunza kwa kuchungulia, baadaye kwa vyeti vya jioni, na siku ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa kifaa kikubwa nikiwa peke yangu na Shabani. Tulipofika kwenye namba ya utambulisho Shabani akauliza, "Tuweke ngapi, dada?" Nikatazama chini ya meza. Nikaweka siku uliyozaliwa, nukta, mwezi, nukta, halafu mwaka nikaukata katikati, ishirini huku, na tatu huku. Ikakubali. Nikamwambia Shabani, "Huyu sasa anaitwa Salome." Alicheka sana. Tangu siku hiyo kifaa kikisumbua alikuwa anasema, "Mama Salome, mwanao analia."

Sijawahi kukuambia hili. Nadhani nililiona la kitoto kwa mtu mzima mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Lakini miaka yote ile, njia zote za taasisi zilikuwa zinapita chini ya siku yako ya kuzaliwa, na mimi nikifungua ile mipangilio asubuhi nilikuwa najisikia vizuri bila sababu.

Shabani mwenyewe unamkumbuka kidogo tu, kwa hiyo nikukumbushe. Ni mtu wa Masaki, Kisarawe, mtoto wa wakulima wa korosho. Ndiye aliyekuchinjia mbuzi wa kipaimara chako ili majirani zetu Waislamu wale bila wasiwasi, akakataa hata kubeba nyama ya nyumbani. Siku moja nilibadilisha njia za fayawoli ya Maneromango nikiwa Kibaha, nikajikatia njia yangu mwenyewe ya kuifikia, kosa la mtu aliyekata tawi alilokalia. Ilibidi niende na waya wangu mkononi. Ilikuwa masika. Bodaboda imeteleza mara mbili, nimechafuka mpaka masikioni, na dereva ananiuliza, "Mama, kwani unakwenda kutengeneza nini?" Nikamwambia, njia. Akatazama tope, akanitazama mimi. "Basi ungeanza na hii." Wakati mimi nafika kule nimelowa, Shabani alikuwa Kibaha anapokea simu za lawama, anawaambia watu wote, "Tuko kwenye matengenezo, vumilieni kidogo." Hakumwambia mtu kwamba Mama Salome amejifungia nje. Niliporudi alinipa chai tu.

Nimekuandikia hayo ili ujue nilimfanyia nani.

Mwaka wako wa kidato cha nne taasisi ilinunua fayawoli mpya ya Kisarawe. Tulipanga kuifunga Jumamosi, siku ambayo kazi ni chache. Jumamosi ile ile ndiyo yalikuwa mahafali yako. Shabani akaenda Kisarawe, mimi nikabaki Kibaha, tukakubaliana nimtumie mipangilio kwa meseji yeye aingize. Badala ya kuandika upya nilichukua ya Kibaha, nikanakili, nikabadilisha jina la kituo, anwani, na nywila. Nilifanya haraka, gauni langu la kitenge likiwa kwenye kiti pembeni.

Namba ya utambulisho sikuigusa. Niliipita kwa macho, Salome, naapa niliiona. Lakini jicho langu likifika pale halioni namba, linaona mtoto. Nikatuma hivyo hivyo.

Baada ya dakika chache Shabani akapiga. "Dada, samahani, hii namba ya kitambulisho..."

Nikamkata. "Shabani, andika kama ilivyo. Nina haraka, mtoto ananisubiri."

"Sawa, dada."

Alinyamaza kidogo kabla ya kusema ile sawa. Kimya hicho nakijua mpaka leo kilikuwa na urefu gani.

Nikaja kwenye mahafali. Unakumbuka nilipiga vigelegele mpaka mwalimu wako akageuka. Nilikuwa na furaha ya kweli, hiyo usiitilie shaka hata kidogo.

Jumatatu asubuhi simu zikaanza. Kisarawe inapatikana, haipatikani. Maneromango, ambayo inapitia Kisarawe, vivyo hivyo. Wewe unajua mashine mbili zikiwa na jina moja kinachotokea: Kibaha anasema "mimi niko hapa, na majirani zangu ni hawa." Habari inamfikia mwenye jina lile lile kule Kisarawe, naye anashtuka, "mbona hayo sikuyasema mimi?" Anayafuta, anasema ya kwake. Yanamrudia wa Kibaha, naye anayafuta. Walio katikati wanachora ramani na kuifuta, wanachora na kuifuta, kutwa nzima. Hakuna kilichoharibika, kila mmoja anasema kweli ya kwake, na watu hawapati huduma.

Kituo cha afya cha Maneromango kilikuwa kinafungua kadi za wagonjwa kupitia mtandao wetu. Bibi yako alikuwa na siku yake ya dawa za presha Jumatatu ile. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka alasiri, akarudi nyumbani kwa miguu mikono mitupu. Kesho yake akarudi tena. Aliponipigia Jumatatu ile jioni hakulaumu, alisema tu, "Mwanangu, waambieni hao walinzi wenu wapatane." Hakujua kwamba anaongea na mwenye kosa. Wakati huo na mimi sikujua.

Nilijua Jumanne saa tano na kitu. Nimeorodhesha majirani wote kwenye kioo, nasoma moja moja kwa kidole, nikaona siku yako ya kuzaliwa mara mbili. Kilichonitisha wakati ule hakikuwa namba. Ilikuwa ile sauti, "Dada, samahani, hii namba..."

Nikavizia dakika ambayo laini ya Kisarawe imetulia, nikaingia, nikabadilisha, nikaianzisha upya. Haikuchukua muda. Majirani wakasalimiana, ramani ikakaa. Watu wakaanza kupiga simu kusema asante. Mkurugenzi wa wakati ule akatoka ofisini kwake, watu wamesimama kwenye korido, wananipigia makofi. Akaniuliza mbele ya wote, "Mama Salome, tatizo lilikuwa nini?"

Nikasema, "Kuna namba ilikosewa Kisarawe."

Nimeitafakari sentensi ile kuliko sentensi yoyote niliyowahi kusema. Kiswahili chetu kina ukarimu huu, kitu kinaweza kukosewa bila mkosaji. Glasi imevunjika. Mlango uliachwa wazi. Funguo zimepotea. Tunaongea hivyo kila siku na hakuna anayeona ubaya. Na sentensi yangu haikuwa na neno hata moja la uongo ndani yake: namba ilikuwepo, ilikosewa, na ilikuwa Kisarawe. Kila aliyekuwa pale alijua nani alikuwa Kisarawe.

Ningeweza kuishia hapo na kujidanganya kwamba niliteleza ulimi. Lakini kikao kiliitwa Alhamisi. Mkurugenzi akamuuliza Shabani, "Namba hii nani aliiandika?"

"Niliiandika mimi."

"Uliitoa wapi?"

Shabani alikuwa amekaa mbele yangu, simu yake iko mkononi. Akanitazama. "Nadhani Mama Salome anaweza kueleza vizuri zaidi."

Wote wakageuka. Salome, mlango ulikuwa wazi kabisa, sikuhitaji hata kubisha hodi. Nikasema, "Labda hatukuelewana kwenye simu."

Meseji upande wangu nilikuwa nimeshaifuta tangu Jumanne.

Yeye alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ulikuwa unakaribia kwisha. Haukurudiwa. Alikuja kuniaga kwenye maegesho, akanipa mkono, akasema, "Haya, Mama Salome." Nikasema, "Mungu akutangulie." Sikumpigia simu tena. Nikisikia habari zake kwa watu nilibadilisha mazungumzo. Hapa nyumbani, siku uliponiuliza kwa nini Mjomba Pazi haji siku hizi, ndipo nilipokuambia kwamba aliharibu mtandao wa Kisarawe. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Uliniamini, kwa nini usiniamini?

Sababu nilikuwa nazo nyingi. Ada yako, ujenzi haujaisha, mwanamke aliyeanzia mapokezi akikosea wanasema tulijua. Nilizipanga kila nilipokosa usingizi, na zote zilikuwa za kweli. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Mwenzangu mmoja fundi alikuwa anatania kwamba ndiyo maana mitambo yetu nayo imefundishwa kutafuta njia fupi. Yangu ilikwenda miaka sita, ikatokea Singida, kwenye sahihi ya barua yako.

Alhamisi iliyopita nilimpigia Shabani. Namba nilikuwa nayo siku zote. Nilijifungia stoo ya ofisi, kati ya maboksi ya nyaya, maana niliogopa nitalia mbele ya watu.

"Mama Salome!" akasema. "Leo umemkumbuka ndugu yako."

Nikamuuliza hali, watoto, mama yake Masaki. Akajibu yote kwa utulivu.

Nikasema, "Shabani, ile namba niliikosea mimi."

"Najua, dada. Nilijua ni ya nani tangu nilipoiona kwenye meseji. Si uliniambia mwenyewe huyu anaitwa Salome?"

"Sasa kwa nini uliiingiza?"

"Uliniambia niandike kama ilivyo. Nikasema labda ya Kibaha ameibadilisha. Wewe ni mkubwa wangu, nitakuuliza mara ngapi?"

"Na kwenye kikao? Meseji si ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo mkononi kikao kizima." "Nilikuwa nakusubiri, Mama Salome. Nikasema nikiionyesha nitakuwa nimemuumbua dada yangu, ngoja aseme mwenyewe. Nikasubiri. Mpaka kwenye maegesho nilikuwa bado nasubiri."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema yamekwisha, na mimi sikumdai aseme hivyo. Kisha nikamuuliza habari zako, kama alikuchukua kwa ajili yangu, au kwa ajili ya kunikomoa. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha zamani. "Binti alishinda usaili. Kwenye mtihani wa maandishi kuna mahali palikuwa na kosa, wote waliandika tu, yeye akanyanyua mkono akauliza. Nilipokuja kusoma jina la baba na Kibaha ndipo nikajua ni nani. Mwache aje. Mimi sitamwambia kitu, hilo si langu. Ila nakuomba usimtume kwangu na uongo wako ndani ya begi."

Ndiyo maana nimekaa na begi lako mbele yangu tangu umeondoka.

Kuhusu kazi nitakuambia machache, kwa sababu nimeyalipia. Mambo ya kitabu utayafanya vizuri: nywila kati ya majirani, kufunga salamu kwenye milango usiyojua nani yuko nyuma yake, kutokubeba kila habari ya njia unayosikia na kuitangaza kwa wengine. Nakala ya mipangilio ya zamani weka kabla hujagusa kitu. Lakini ukiandika namba unayoipenda, mpe mtu mwingine asiyeipenda aisome. Mimi nilitafuta siku mbili kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu, kwa sababu kilikuwa wewe.

Na kwa kuwa unaanza ukiwa mdogo, watakuambia, "Andika kama ilivyo." Utajisikia kusema sawa. Uliza mara ya pili, mwanangu. Uliza kwa shikamoo zote unazozijua, lakini uliza. Siku utakapokuwa mkubwa, ukasikia mtu anaanza na "samahani, hii namba," acha gauni kwenye kiti, acha hata mahafali ya mtoto, umsikilize mpaka amalize. Ningekusikitisha kwa kuchelewa nusu saa. Ungeninunia mpaka jioni, basi.

Utakosea. Mimi mama yako nakuambia utakosea, tena siku unayojiona umeiva. Siku hiyo sema "nimekosea" mapema, kabla makofi hayajaanza, maana yakishaanza neno hilo linakuwa zito mno kulibeba. Mimi lilinishinda. Mpaka leo sijui kama ningekuwa na nguvu kama barua yako ya ajira isingekuwa na sahihi ile, na hilo pia ni aibu yangu, sikujitokeza kwa wema, nimebanwa.

Baba yako nitamwambia jioni hii. Kesho nikishakusindikiza stendi naenda moja kwa moja ofisini. Nimeandika barua kwa mkurugenzi, huyu wa sasa, iko tayari kwenye pochi yangu, imeeleza kila kitu, meseji niliyotuma, meseji niliyofuta, na nilichosema kikaoni. Nimeomba jina la Shabani lisafishwe kwenye faili lake kwa maandishi na nakala apelekewe. Sijui watanifanyaje. Inawezekana wakaniweka kando, inawezekana wakasema ya zamani yameshapita, na sijui lipi kati ya hayo litaniuma zaidi. Wewe usirudi nyuma kwa ajili yangu. Usipige simu kwa mtu, usimwombee mama yako kwa bosi wako. Ukifika Singida mwamkie kama ulivyofundishwa na ufanye kazi. Msamaha si wa kukutuma wewe. Nimemwomba ruhusa niende mwenyewe mwezi ujao, amesema nije.

Nakupenda, Salome. Nakupenda mpaka nilikuweka kwenye mashine. Ninachoogopa kuliko barua ile ya pochini ni uso wako ukimaliza karatasi hizi. Miaka yote umewaambia rafiki zako kwamba umesoma mitandao kwa sababu ya mama yako, kwa sababu ya siku ile walivyonipigia makofi. Nilikuwa nasikia ukiwasimulia hapo barazani, nami naendelea kuosha vyombo. Ukitaka kuniondoa kwenye hadithi hiyo, una haki. Kazi yenyewe usiiache, ni yako, umeipata kwa kunyanyua mkono.

Nilipoanza kuandika nilipanga kuichomeka barua hii katikati ya nguo zako, uikute Singida. Halafu nikafikiria uisome ndani ya basi, ukipita Dodoma, mimi niko mbali salama, nangoja simu. Nimeona hiyo ingekuwa ni kufanya tena kile kile.

Nasikia bodaboda imesimama nje. Ni wewe, nasikia unamshukuru dereva, na bila shaka mihogo imo. Nitakupa barua hii mkononi kabla hujavua viatu. Nitakaa kiti cha mbele yako, sitakwenda jikoni, sitashika simu, na sitasema neno mpaka umalize. Nitazame ukitaka. Usiponitazama, bado nitakuwa nimekaa hapo.

Mimi niliyekuzaa,
Mama